Amri Fupi na Desturi Iliyo Salama

Mwalimu amwambiapo mtoto wa zamu, "Futa ubao," bila kutaja sehemu, amri yake ina pengo. Pengo hilo hujazwa na desturi ya darasa. Iwapo desturi ni kufuta ubao wote, wale ambao hawajamaliza kunakili watapoteza somo. Hapana budi, basi, mwalimu aichague desturi kwa makusudi.

Mfano mzuri twaupata katika Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi ya watu wengi, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kazi ndani yake hugawanywa katika matawi: moja laweza kuwa na kazi iliyo tayari, jingine majaribio. Mtumiaji huamuru kazi yake ipelekwe kwenye ghala la pamoja. Je, asipotaja tawi, lipelekwe lipi?

Hapo awali Git ilipeleka kwa pamoja matawi yote yaliyokuwa na majina yaleyale kwake na ghalani. Desturi hiyo iliwafaa waliokamilisha matawi yote kabla ya kupeleka. Lakini mgeni, akidhani apeleka tawi moja tu, aliweza kupeleka na mengine yasiyokamilika. Tangu toleo la 2.0, mwaka 2014, hupelekwa tawi linaloshughulikiwa pekee, kwenye tawi la ghalani lililounganishwa nalo, lenye jina hilohilo. Majina yasipolingana, programu hukataa na kueleza la kufanya. Mabadiliko hayo yalitanguliwa na onyo, na aipendaye desturi ya kale aweza kuirejesha.

Tunajifunza mambo matatu:

1. Desturi ipimwe kwa mgeni, wala si kwa bingwa. Bingwa ajua kutaja alitakalo.

2. Desturi itende lililo dogo. Kilichobaki nyuma chaweza kupelekwa baadaye. Kilichokwisha kupokelewa na wengine ni vigumu kukirudisha.

3. Desturi isibadilishwe ghafla. Waliokwisha kuizoea waonywe mapema.

Zoezi: Andika amri tano utakazozitoa darasani kila siku, kama vile "Kusanyeni madaftari" au "Gaweni vitabu." Kwa kila amri, eleza mtoto aliyehamia jana atafanya nini. Pale ambapo kosa lake litawadhuru wenzake, badili desturi, au litaje waziwazi lile uliloliacha.