Wanangu Wananishinda Chemsha Bongo, Baba Yao Anacheka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 49. Naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto watatu. Mume alitangulia huku kusoma. Mimi nilimfuata nikiwa mtu mzima tayari.

Tangu wanangu wakipate kipindi cha Pop Culture Jeopardy!, kila tukimaliza kula sebule inageuka uwanja. Wanagonga meza, wanapiga kelele, wanahesabu pointi, na baba yao yumo. Maswali ni ya filamu, nyimbo na tamthilia za Kimarekani, mengine ya kabla watoto wenyewe hawajazaliwa, lakini wanayajua. Mimi siyajui, na nikibahatisha nakosea. Juzi binti yangu wa miaka 14 akaniambia, "Mama, wewe pumzika tu, haya si yako." Baba yake akacheka. Tangu siku hiyo kipindi kikianza nakwenda kuosha vyombo, hata vilivyo safi.

Nimewaza kununua kitabu cha maswali nijifunze kwa siri. Nimewaza pia kukifuta hicho kipindi. Mama yangu, aliyeko Tanga, anasema nizime televisheni yote. Sitaki kuwaharibia watoto raha, lakini ndani ya nyumba yangu najiona mgeni.

Mama Watatu, Columbus

*

Marahaba, mwanangu.

Kipindi usikifute, na mama yako atuwie radhi kwa hili. Watoto watatu na baba yao kukaa chumba kimoja kila jioni, macho yao kwenye kioo kimoja, ni jambo ambalo akina mama wengi wananiandikia wakilililia. Kipindi hakijakukosea. Umeumizwa na kicheko, basi tuanze na aliyecheka.

Zungumza na mumeo mkiwa wawili, mlango umefungwa, watoto wamelala. Mwambie maneno yale yale uliyoniandikia: kwamba unajiona mgeni ndani ya nyumba yako. Usiyapunguze makali kwa kucheka kidogo unaposema, maana atadhani ni utani na atacheka tena. Mkumbushe kwamba yeye mwenyewe aliingia Marekani bila kumjua hata mmoja wa hao mastaa, na kwamba alichokutangulia ni miaka. Kisha mwombe jambo moja tu: siku nyingine mtoto akisema neno kama lile, ajibu yeye kabla yako. Binti wa miaka 14 anatazama uso wa baba yake ili ajue alichosema ni mzaha au ni utovu wa adabu. Juzi alitazama, akapewa jibu baya. Baba ndiye wa kulirekebisha, na anaweza kulirekebisha kwa sentensi moja.

Sasa tuje kwenye kutojua kwako, maana naona limekuingia moyoni kuliko linavyostahili. Tamthilia ya M*A*S*H ilipoonyeshwa kwa mara ya mwisho, tarehe 28 Februari 1983, Wamarekani zaidi ya milioni 100 walikuwa mbele ya televisheni. Wewe ulikuwa mtoto mdogo Tanga, na Tanzania Bara nzima haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Cheers ilianza 1982 ikaisha 1993. ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, tamthilia hiyo ilikuwa imeshazikwa, na wewe ulikuwa msichana mkubwa. Ulikulia kwenye redio: RTD, vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, salamu za wasikilizaji, taarabu. Shindano la namna hii linauliza mtu alikuwa amekaa wapi, mwaka gani, mbele ya kioo cha nani. Kukosa swali la Cheers hakusemi lolote juu ya akili yako.

Na wanao nao hawakuiona Cheers. Umesema mwenyewe kwamba hawakuwa wamezaliwa. Wanaijua kwa sababu kwenye mashindano haya majina yanajirudia, na anayecheza kila siku huyashika. Mwaka 2010 mshindani mmoja wa Jeopardy! yenyewe, Roger Craig, alichukua maelfu ya maswali ya miaka iliyopita, akayapanga kwa kompyuta, akaona mada zipi zinarudi mara kwa mara, akazisoma hizo. Akashinda dola 77,000 katika mchezo mmoja, rekodi ya wakati huo. Kwa hiyo kitabu ukikitaka, kinunue, lakini kiweke mezani hadharani na umwombe binti akuulize maswali. Kujifunza kwa siri ndani ya nyumba yako ni kukubali kwamba kuna aibu, na aibu hapa hakuna.

Mchezo wenyewe nao unahitaji kanuni, maana kwa jinsi ulivyonieleza, anayeshinda kwenu ni mwenye sauti kubwa. Kwenye Jeopardy! halisi mshindani haruhusiwi kubonyeza kitufe mpaka mtangazaji amalize kusoma. Akiwahi, kitufe chake kinafungwa kwa robo ya sekunde, na hiyo inatosha kumpa mwenzake nafasi. Sebuleni kwenu mtu anaropoka swali likiwa nusu. Wewe Kiingereza umekiongeza juu ya lugha nyingine, unahitaji kulisikia swali mpaka mwisho wake. Kipindi hicho kinatoka mtandaoni, kwa hiyo rimoti inakisimamisha. Kila swali likisomwa, kisimamisheni, kila mtu aandike jibu lake kwenye karatasi, ndipo muendelee. Utashangaa ni majibu mangapi unayo ambayo kelele zilikuwa zinayafunika.

Kwenye pointi, tumieni hesabu iliyoachwa na Karl Coryat, mshindani wa mwaka 1996, ambayo wanaocheza nyumbani Marekani wameizoea: ukipatia unaongeza thamani ya swali, ukikosea unaipunguza, ukinyamaza hupati wala hupotezi, na kwenye maswali ya kuweka dau, dau halihesabiwi. Ona kinachotokea hapo. Mtoto anayebahatisha kila swali anaanza kuzama, na anayejua lini anyamaze anapanda. Wewe unajua kunyamaza, mwanangu.

Halafu gawaneni timu. Pop Culture Jeopardy! yenyewe, ilipoanza Desemba 2024 na Colin Jost akiwa mtangazaji, ilichezwa na timu za watu watatu watatu zilizowania dola 300,000. Waliipanga hivyo kwa sababu burudani ni pana mno: huyu anajua filamu, yule muziki, mwingine michezo. Nyinyi mko watano. Wewe na mdogo wao muwe upande mmoja wiki hii, wiki ijayo badilisheni. Sipendi mama acheze peke yake dhidi ya ukoo mzima.

Kuna kanuni moja ya kwetu ambayo natamani muichukue kuliko zote. Bibi yako alipokutegea kitendawili ukashindwa, alikucheka? Alikwambia, "Nipe mji." Ukampa Pangani, au Mombasa, au Lamu, akaenda zake huko, akala, akanywa, akasifia alichokuta, ndipo akarudi na jibu. Aliyeshindwa ndiye aliyetoa mji. Mchezo haukuweza kuendelea bila yeye. Wafundishe wanao hilo. Anayekosa swali atoe mji, na aliyepatia aseme jambo moja la kweli kuhusu mji huo kabla hajachukua pointi zake. Akishindwa, pointi ziende kwa mwenye mji. Nadhani unaona Columbus watapata tabu gani ukianza kutoa Muheza na Korogwe.

Ijumaa, maswali yawe yako. Utege wewe, wajibu wao. Swali zuri la chemsha bongo lina milango miwili, ili asiyepita mmoja apite mwingine. Mfano: mwimbaji huyu wa bendi ya Queen alizaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Mtoto anayeijua Queen atafika, na anayemjua mtu wa Unguja atafika. Waulize wimbo gani wa Kiswahili, uliotungwa na Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV, ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kushinda Grammy, mwaka 2011. Mwanao mkubwa huenda ameucheza mchezo huo na kuusikia "Baba Yetu" mara nyingi bila kukuuliza kitu. Muulize mumeo staa gani wa Marekani alitua Dar es Salaam mwaka 1992. Akishindwa kumtaja Michael Jackson, usimcheke, mwombe mji.

Ukishawazoesha, ingia nyumbani kabisa. Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Atomic Jazz ya Tanga. Mzee Majuto, mchekeshaji wa Tanga ambaye jina lake halisi ni Amri Athumani, aliyetutoka Agosti 2018. Wawekee filamu yake moja wakishakosa swali, maana jina lisilo na sura halikai kichwani mwa mtoto. Usianze na maswali magumu ili kulipiza kisasi. Wape la kwanza jepesi walipatie, wapate hamu ya la pili.

Mengine utayasahau, na hapo kuna mtu wa kuulizwa. Huyo mama yako anayetaka uzime televisheni anakumbuka taarabu za Black Star na Lucky Star kuliko kitabu chochote utakachonunua. Mfanye mwamuzi. Binti ndiye apige simu, yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake hicho hicho alicho nacho. Ila msimpigie baada ya kipindi, maana jioni ya Ohio ni usiku wa manane Tanga. Jumamosi saa tatu asubuhi kwenu, kule ni saa kumi au kumi na moja jioni, ameshaswali Alasiri au amemaliza shughuli zake, na ana nafasi ya kuongea.

Shangazi