Mume Mkatoliki, Mke Mwanglikana: Wasali Vipi Pamoja?



Siku moja walikuja nyumbani kwangu mume na mke wa jumuiya yetu ndogo. Mume ni Mkatoliki, mke ni Mwanglikana. Walifunga ndoa katika parokia yetu kwa ruhusa ya Askofu, na sasa walikuwa na mtoto wa kwanza. Walikuja kuuliza habari za ubatizo. Tulipokuwa tukinywa chai, yule mama akasema neno ambalo sikulitarajia: "Mwalimu, nyumbani kwetu tunaombea chakula tu. Sala nyingine tuliziacha ili tusigombane."

Nakiri kwenu kwamba nilijibu vibaya. Nilimgeukia mume nikamwambia, "Baba, mvute mwenzako polepole aje kwetu, na mambo yatakwisha." Yule mama aliinamisha kichwa akanyamaza. Walipoondoka, mke wangu aliniambia, "Aliyeuliza ni mke, nawe umemjibu mume." Neno hilo lilinikaa moyoni siku nyingi.

Somo la leo ni jibu ambalo ningepaswa kuwapa. Ni la wale wote ambao Jumapili asubuhi hufunga mlango mmoja na kushika njia mbili.

WATAWA WALIOFUNGUA MLANGO

Mtakatifu Benedikto alizaliwa Nursia, Italia, yapata mwaka 480, akafa yapata mwaka 547. Aliwaandikia watawa wake Kanuni yenye sura 73. Wabenediktini si wageni kwetu Afrika Mashariki. Masista Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Tanzania mwaka 1888, na wengi wetu tumesikia habari za Peramiho na Chipole. Lakini leo twende mbali zaidi, mpaka jimbo la Wisconsin huko Marekani.

Mwaka 1953 masista Wabenediktini kutoka Sioux City, Iowa, walifika karibu na mji wa Madison kuendesha shule ya sekondari ya wasichana. Mwaka 1966 shule ilifungwa. Wangeweza kuuza nyumba na kurudi kwao. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umemalizika mwaka uliotangulia, na tarehe 21 Novemba 1964 ulikuwa umetoa hati ya kuwahimiza Wakatoliki watafute umoja na Wakristo wenzao. Masista wakaigeuza shule kuwa nyumba ya mafungo, wakawafungulia mlango Wakristo wa makanisa yote. Walutheri, Wapresbiteri na wengine walikuja, wakasali pamoja nao, wakala mezani pamoja, wakafanya kazi shambani pamoja. Baadaye mwanamke mmoja aliyekuwa mchungaji wa Kipresbiteri alijiunga nao katika maisha ya utawa.

Sikuwachagua kwa sababu wote tunapaswa kufanya kama wao. Nimewachagua kwa sababu walikabiliwa na swali lile lile la wanandoa wetu: watu waliobatizwa katika makanisa mbalimbali watakaaje chini ya paa moja, si kwa saa moja ya mkutano, bali kila siku, asubuhi hadi jioni?

MAMBO MANNE YA KUJIFUNZA

La kwanza ni Zaburi. Sala kuu ya Wabenediktini ni Zaburi. Kwa Kanuni yao Zaburi zote 150 husaliwa katika juma moja. Sasa, ni Mkristo gani asiyekubali Zaburi? Zilisaliwa na Bwana wetu mwenyewe kabla Wakristo hawajatengana. Wanandoa wengi wa makanisa mawili huanza na jambo gumu. Mume anatoa rozari, mke anafikiri analazimishwa. Mke anaanza sala ndefu ya papo kwa papo, mume anafikiri anahubiriwa. Anzeni na kile ambacho hakuna anayeweza kusema ni chake peke yake.

La pili ni Baba Yetu. Katika sura ya 13 Mtakatifu Benedikto anaagiza kwamba asubuhi na jioni mkubwa wa nyumba aisali sala ya Bwana kwa sauti, wote wakisikia. Sababu yake ni nzuri sana. Alijua kwamba watu wanaokaa pamoja huchomana kama miiba, na kwamba asemaye ombi la kusamehewa kama anavyosamehe amejifunga kwa kinywa chake mwenyewe. Waswahili husema vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Benedikto hakushangaa vikigongana. Aliweka dawa mara mbili kwa siku. Hapa pana jambo dogo linalowakwaza wengi: Waprotestanti huunganisha mwishoni maneno ya kumtukuza Mungu kwa ufalme, nguvu na utukufu, nasi tunaishia kwenye ombi la kuokolewa na maovu. Usimkatishe mwenzako. Maneno hayo sisi pia tunayasema katika Misa, baada ya sala fupi ya padre. Malizeni pamoja.

La tatu ni shauri. Sura ya 3 yaagiza kwamba kukiwa na jambo kubwa, wote waitwe, hata mdogo kabisa, maana mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema. Katika nyumba nyingi mambo ya dini huamuliwa na mume, au na mama mkwe, au na sisi walimu wa dini tukiwa tumekaa kwenye kiti chao tunakunywa chai yao. Yule mama alikuwa na neno. Sikumsikiliza. Wewe mume, kabla hujasema "sisi Wakatoliki tunafanya hivi", mwulize mwenzako kwanza yeye alifundishwa nini na mama yake juu ya kusali. Huenda ukapata hazina.

La nne ni jikoni. Sura ya 35 yasema watawa wahudumiane kwa zamu jikoni, na mwenye zamu huombewa anapoanza na anapomaliza juma lake. Sura ya 31 yamtaka mtunza mali aangalie vyombo vya nyumba kama vile ni vyombo vya altare. Maana yake sala haiwezi kuwa tamu kanisani na chungu kwenye sufuria. Mume anayemwombea mkewe aongoke, lakini hajawahi kumbebea ndoo ya maji, asitegemee sala yake itaaminiwa.

MPAKA TUSIOUFICHA

Sasa nisipowaambia upande wa pili nitakuwa sikufundisha, nitakuwa nimesifu tu. Mwaka 2006 wale masista wa Wisconsin waliachiliwa nadhiri zao za kisheria katika Kanisa Katoliki. Jumuiya yao ikawa ya Wakristo wa makanisa mbalimbali, isiyo tena chini ya mamlaka ya Kanisa letu. Hatuwahukumu, Mungu ndiye ajuaye mioyo. Lakini sisi tunaona kwamba hatua hiyo ina gharama. Umoja mdogo wa nyumba ulipatikana, na kamba iliyowaunganisha na Kanisa zima ikafunguliwa.

Wanandoa nao hujaribiwa hivyo. Wengine husema, "Tumechoka. Tuache yote mawili, tutafute kanisa la tatu." Wengine husema, "Wiki hii tukomunike kwako, wiki ijayo kwangu." Ndugu yangu, Ekaristi si soda ya kukaribishana. Kanisa Katoliki linaruhusu kushiriki Ekaristi na Wakristo wengine katika hali chache za pekee tu, chini ya masharti yake (Kanuni 844), na Mkatoliki hapokei katika ibada ya Kianglikana. Uchungu wa kukaa kando wakati mwenzako anapokea ni uchungu wa kweli. Usiufiche wala usiuchekee. Umtolee Kristu, aliyewaombea wanafunzi wake wawe kitu kimoja usiku ule wa kuamkia mateso yake (Yn 17:21).

SHERIA INASEMAJE?

Wengi wanaogopa sheria kwa sababu hawaijui. Ndoa ya Mkatoliki na Mkristo mwingine aliyebatizwa inahitaji ruhusa ya Askofu (Kanuni 1124). Mkatoliki huahidi kulinda imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki (Kanuni 1125). Mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Hatakiwi kuitoa yeye. Wala hatakiwi kubatizwa upya, kwa maana ubatizo wa Kianglikana tunautambua.

Na hapa kuna habari njema ambayo wengi hawaijui. Katika ubatizo wa mtoto, Mkristo wa kanisa lingine anaweza kusimama kama shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki (Kanuni 874). Basi upande wa mke haufungiwi nje siku ya furaha.

Nilirudi kwa wale wawili. Safari hii nilimsalimu mke kwanza, nikamwomba radhi mbele ya mumewe. Kisha nikawaeleza haya. Mtoto alibatizwa parokiani kwetu, na dada yake mama alisimama kama shahidi, akiwa amevaa kitambaa cha umoja wa akina mama wa kanisa lake. Padre alimkaribisha kwa jina. Mama yule bado anakwenda kwao kila Jumapili. Lakini kila usiku mtoto akishalala wanasoma Zaburi moja na kusali Baba Yetu. Mume aliniambia, "Mwalimu, siku tukiwa tumegombana, ile Zaburi inakuwa nzito kuianza." Nilimjibu, "Siku hiyo ndiyo ianze wewe."

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Chagueni saa moja ya sala ambayo wote mnaweza kuitunza. Dakika tano kila siku zashinda saa nzima mara moja kwa mwezi.

2. Angalau mara moja kwa mwaka, msindikize mwenzako kanisani kwake. Uketi kwa heshima, usali, usipokee. Naye akaribishwe vivyo hivyo kwako.

3. Tarehe 18 hadi 25 Januari ni Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo. Alikeni jirani wa kanisa lingine nyumbani kwenu, msali na kula pamoja.

4. Mbele ya watoto, kanisa la mwenzako lisiwe jambo la mzaha hata kidogo.

MASWALI YA KUJADILIANA MUME NA MKE

Ni sala gani tuliyoiacha kwa kuogopa ugomvi? Nani kati yetu hajaulizwa shauri? Je, mtoto wetu amewahi kutuona wawili tukiwa tumepiga magoti pamoja?

Mpendwa msomaji, bado hatujafika kwenye meza moja. Lakini Bwana aliahidi kuwapo kati ya wawili au watatu waliokusanyika kwa jina lake (Mt 18:20). Ninyi mko wawili tayari. Zimeni redio, washeni taa, mwanze usiku huu.