Mimi Sijidungi, VVU Inanihusu Nini?

Maswali haya yameletwa na wasomaji wa Sinza, Dar es Salaam, ambao wengi wameomba majina yao yasitajwe. Anayejibu ni daktari wa magonjwa ya akili na uraibu.

Swali: Shikamoo daktari. Wikiendi mimi na washkaji tunakaa Mori tunapiga bia, shisha na msokoto wa bangi. Hakuna anayejidunga. VVU inatuhusu nini?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Virusi havikai kwenye bia wala kwenye moshi. Ila nami nikuulize: ulipotoka nyumbani saa mbili usiku kondomu ulikuwa nayo mfukoni, saa nane, ulipoondoka na mtu, ilitoka? Pombe huilegeza akili ya kupima hatari kabla miguu haijaanza kuyumba, ndiyo maana mlevi hujiona yuko sawa. Likitokea la kutokea, usikae mpaka Jumatano ukihesabu siku. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio huanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa, kisha unazimeza kwa siku 28. Kama kila wikiendi mambo ni yaleyale, ulizia PrEP, kidonge cha kujikinga mapema. Na watu wa Sinza kuonea haya kondomu ni ajabu kidogo: kituo chenu cha daladala cha kwa Remmy kimebeba jina la mwanamuziki Remmy Ongala, aliyeziimba waziwazi katika "Mambo kwa Soksi" enzi ambazo redio ya taifa haikutaka kuupiga wimbo huo.

Swali: Mwanangu anavuta unga, yaani heroini, kwenye kokteli, ule msokoto wa unga na bangi. Ananiambia, "Mama, kuvuta si kujidunga, niko salama." Ni kweli?

Jibu: Kwa leo, kwa upande wa sindano, hajakudanganya mama. Kinachonitia hofu ni anakoelekea. Heroini ya kahawia iliyotangulia kuzagaa Dar es Salaam ilikuwa ya kuvuta. Ilipoingia nyeupe, inayoyeyuka upesi kwenye maji, wengi wakahamia kwenye sindano. Sababu kubwa ni pesa. Mwili ukishazoea, kete ya unga ya jana haitoshi leo, na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, haisubiri mshahara; akijidunga, kete ileile inamshika zaidi. Sindano mpya inauzwa duka la dawa, lakini mtu mwenye arosto usiku wa manane maskani anachukua iliyopo. Huisuuza kwa maji akidhani imesafika, kumbe tone la damu linalobaki ndani linaweza kuhifadhi VVU kwa siku kadhaa, na virusi vya homa ya ini aina ya C kwa wiki kadhaa.

Watafiti waliwapima wanaojidunga huko Temeke na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: zaidi ya theluthi moja walikuwa na VVU. Kwa wanawake ilikuwa theluthi mbili. Linganisha na utafiti wa kitaifa wa 2022-2023, ambao ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wana VVU.

Swali: Kwa nini wanawake wameumia hivyo?

Jibu: Kwa sababu hatari inawajia kwa milango miwili. Wengi hupata pesa ya kete kwa kuuza mwili, na mteja anayeongeza dau ili kondomu isivaliwe humkuta mtu ambaye arosto imeshaanza kumkunja tumbo. Kisha, kwenye kuchangia sindano, mara nyingi mwanamke ndiye wa mwisho kuishika. Mwaka 2005 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha habari kutoka hapahapa Dar: wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono walipeana damu. Aliyepata kete alijidunga, akavuta damu yake kwenye bomba, akampa mwenzake asiye na pesa ajichome ili apoze arosto. Unga uliomo kwenye damu hiyo ni kidogo mno kumtuliza mtu. Virusi, kama vimo, vinapita moja kwa moja. Walifanya hivyo kwa huruma, na hilo ndilo linaloniuma kila nikilifikiria.

Swali: Methadoni si kumtoa mtu kwenye ulevi mmoja na kumtia kwenye mwingine?

Jibu: Hapana, ingawa najua mtaani wanavyosema. Methadoni ni dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, baadaye za Mwananyamala na Temeke zikafuata. Mgonjwa anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Inafanya kazi taratibu, arosto haimrudii hadi kesho yake, na sababu ya kuitafuta sindano inapungua. Ila akianza dawa za kifua kikuu lazima aseme: rifampisini hupunguza methadoni mwilini, na wengine huacha kliniki wakidhani wamepunjwa dozi.

Swali: Kijana wa miaka 16 anaweza kupima VVU bila mzazi?

Jibu: Anaweza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kuanzia miaka 15 anaridhia mwenyewe.

Swali: Natumia ARV lakini bado nakunywa. Siku ya pombe niache dawa?

Jibu: Usiache, dada yangu. Wengi huruka dozi wakiogopa kuchanganya, na dozi za kurukwa ndizo zinazovipa virusi nafasi ya kuwa sugu. Virusi vikifubaa mpaka kipimo kisivione, humwambukizi mwenzako kwa ngono. Kwa sindano usitegemee hilo. Ukilewa Ijumaa ukasahau, meza Jumamosi mara utakapokumbuka, kisha rudi kwenye saa yako ya kawaida.