Nundu ya kidole gumba: Mguu uliopasuliwa wahitaji muda

Msomaji wetu mmoja, mama anayeishi Kona ya Musa, Ukunda, na kufanya kazi ya kutandika vyumba katika hoteli ya Diani, ameuliza swali linalowahusu wengi. Amepangiwa kupasuliwa nundu iliyoota kando ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Je, wiki mbili za ruhusa ya ugonjwa zitamtosha, au atahatarisha kazi yake?

Jibu ni kwamba wiki mbili hazitoshi, na yafaa ajue sababu kabla ya kulala kwenye meza ya upasuaji.

Nundu hii, ambayo madaktari huiita haluksi valgasi, si nyama iliyozidi. Ni mfupa wa wayo uliosogea kuelekea upande wa mguu wa pili, huku kidole gumba kikiinamia vidole vingine. Mara nyingi watu wa ukoo mmoja huwa nayo, na viatu vyembamba vyenye ncha huizidisha. Kama haiumi, haina haja ya kupasuliwa kwa ajili ya urembo. Lakini ikiwa viatu vipana na dawa za maumivu zimeshindwa, upasuaji husaidia. Kwa kawaida mpasuaji hukata mfupa, akaunyoosha na kuufunga kwa skrubu ndogo. Mfupa uliokatwa huchukua wiki 6 hadi 8, au zaidi, kuunga. Hakuna sindano wala tembe ya kuuharakisha.

WIKI 2 ZA KWANZA

Kazi yako ni moja: kuuinua mguu. Lala, uweke mito chini yake hadi uwe juu kuliko kifua. Mguu ukining'inia hufura, na jeraha lililofura hupona polepole. Chezesha kifundo cha mguu na ukunje goti mara kwa mara ili damu isigande.

Bandeji isilowe. Wakati wa kuoga, funga mguu kwa mfuko wa plastiki na uukalie mbali na maji. Anayeswali aswali akiwa ameketi kitini, na amuulize sheikh wake namna ya kupangusa juu ya bandeji wakati wa kutawadha. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi.

Jamaa watakuja na maji ya moto na mafuta wakitaka kukukanda. Washukuru, lakini ukatae. Kukandwa kwaweza kusogeza mfupa na kutia uchafu kwenye jeraha.

WIKI YA 3 HADI YA 6

Wengi huruhusiwa kukanyaga kwa kisigino, wakivaa kiatu maalumu chenye soli ngumu na kushika magongo. Wengine hukatazwa kukanyaga kabisa, kulingana na namna walivyopasuliwa. Fuata agizo la mpasuaji wako, si la jirani aliyepasuliwa mwaka jana.

Choo cha kuchuchumaa hukunja kidole gumba kwa nguvu. Tafuta kiti kilichotobolewa katikati. Mchangani usitembee, kwa sababu mguu huzama na vidole hujikunja. Maji ya bahari pia yasubiri hadi jeraha lifunge kabisa. Ukienda kliniki, panda tuk-tuk uweze kuketi vizuri, wala si bodaboda. Anayetibiwa Mombasa aondoke mapema asilazimike kukimbilia feri Likoni.

BAADA YA WIKI 6

Picha ya eksirei ikionyesha mfupa umeunga, utavaa viatu vipana na kuanza mazoezi ya kukunja na kunyoosha kidole kama utakavyoelekezwa. Usishtuke mguu ukiendelea kufura jioni kwa miezi 3 hadi 6. Kwa wengine hufika mwaka. Usiendeshe gari hadi uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila maumivu.

KAZI NA SHERIA

Anayefanya kazi ya kuketi aweza kurudi baada ya wiki chache. Anayesimama kutwa, kama mama huyu, ahesabu wiki 8 hadi 12.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi. Zikiunganishwa, kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, ni kama wiki 5 na nusu. Bado kuna pengo.

Hivyo basi, zungumza na mwajiri mapema. Pasuliwa wakati wageni wamepungua, baina ya Aprili na Juni. Omba daktari aandike barua kwamba urudipo upewe kwanza kazi ya kuketi, kama vile kukunja shuka. Aidha, soma mkataba wa chama chenu cha wafanyakazi. Huenda ukakupa siku zaidi.

DALILI ZA HATARI

Usingoje siku ya kliniki ukiona usaha, wekundu unaoenea, homa, au vidole vilivyokuwa baridi au kubadilika rangi. Shavu la mguu likifura na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, huenda damu imeganda. Nenda mara moja katika hospitali ya rufaa ya Msambweni au hospitali yoyote iliyo karibu.

Mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia kabla ya upasuaji, na mvutaji aache sigara, kwani huchelewesha mfupa kuunga.

Mama, ikiwa siku hizo hazipatikani sasa, nundu yaweza kungoja. Ahirisha, uvae viatu vipana, na upange upya. Tunakutakia afueni.