Kuoka Mkate Nyumbani Pasipo Tanuri

Unga wa ngano hununuliwa kwa fedha, na katika nyumba nyingi za shamba hununuliwa kidogo kidogo. Kwa hiyo mtu aliyejaribu kuoka mkate, akatoa kitu kigumu kama tofali hata watoto wakakikataa, ana haki ya kuhuzunika, na wengi wa namna hiyo huapa wasijaribu tena. Lakini sisi twaona ya kuwa walio wengi hawakushindwa kwa ubaya wa unga, wala kwa kukosa tanuri. Walishindwa kwa kuwa hawakujua ya kuwa hamira ni kitu chenye uhai. Wengine waliiua kwa maji ya moto, na wengine waliinyima wakati wake wa kufanya kazi.

Hamira ni vimelea vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Katika miaka ya 1850 na 1860 mtaalamu wa Kifaransa, Louis Pasteur, alionyesha ya kuwa uchachu hutokana na kazi ya vitu vyenye uhai. Vimelea hivi hula sukari iliyomo katika unga, na wakati wa kula hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ndiyo iuumuayo mkate. Jambo hili si geni kwetu, illa jina la mtaalamu ndilo geni. Kila apikaye pombe amekwisha kuona povu lake, na watu wa pwani tangu zamani wameumua mikate na vitumbua kwa tembo la mnazi, maana hamira ya asili imo ndani yake.

Labda msomaji atauliza, mbona tusitumie unga wa mahindi au wa muhogo, ambao tunao tele? Jawabu ni hili. Unga wa ngano ukitiwa maji na kukandwa hufanya utando unaonata na kuvutika, mfano wa ulimbo wa kunasia ndege. Utando huo hushika hewa isitoke. Unga wa mahindi, wa mtama na wa muhogo hauna utando huo, basi hewa hutoroka na mkate hubaki chini. Ngano hulimwa kwetu pia, kama vile Narok na Uasin Gishu katika Kenya, na Hanang na magharibi ya Kilimanjaro katika Tanzania.

Sasa twaa unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, sukari kijiko kikubwa kimoja, mafuta vijiko vikubwa viwili, na hamira kavu kijiko kidogo kimoja na nusu. Maji yawe kama mililita 300, yaani kikombe kikubwa cha chai. Wako wapendao kuzidisha sukari hata mkate ukawa mtamu kama halua. Sisi hatuwafuati, kwa kuwa mkate wa namna hiyo haufai kuliwa na mchuzi.

Maji yawe vuguvugu. Tia kidole chako ndani: usipoona moto wala baridi, yafaa. Maji yakifika nyuzi 60 za Sentigredi, hamira hufa, na hapo hata ukingoja mpaka jioni donge halitainuka. Tia hamira na sukari katika maji hayo, ukangoje dakika kumi. Povu likitokea juu, hamira ni nzima. Lisipotokea, maji yakiwa yalikuwa vuguvugu kweli, hamira imekufa kwa kukaa dukani. Usiutie unga wako humo, bali tafuta hamira nyingine. Jaribio hili dogo huokoa unga mwingi.

Changanya unga na chumvi, mimina maji yenye hamira, kisha mafuta. Mwanzo donge litanata mikononi, na hapa ndipo wanaoanza hukosea: huongeza unga, na tena unga, hata donge likawa kavu. Usifanye hivyo. Kanda kwa nguvu dakika kumi, ukilisukuma kwa kitanga cha mkono na kulikunja, nalo litaacha kunata lenyewe. Kata kipande kidogo, ukivute taratibu kwa vidole. Kikivutika kuwa utando mwembamba upitishao nuru pasipo kupasuka upesi, kazi ya kukanda imekwisha.

Lifunike donge kwa kitambaa kibichi, uliweke mahali pasipo na upepo. Usiamini saa hapa, amini macho. Katika joto la pwani huenda likawa maradufu kwa saa moja, lakini mahali pa baridi kama Njombe au Limuru huenda likataka saa mbili au tatu. Likiisha kuwa maradufu, bonyeza hewa itoke, ulifinyange, ukaliweke katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Ngoja tena liumuke. Kisha ligandamize kidogo kwa kidole. Alama ikirudi upesi, bado. Ikirudi polepole na kubakiza kishimo, ni tayari. Ukipita hapo, donge huchoka na kuanguka motoni.

Kwa kuoka, tia mchanga mkavu wa vidole viwili katika sufuria kubwa, uweke vijiwe vitatu juu yake, ufunike na kuipasha moto robo saa. Kisha weka sufuria ndogo juu ya vijiwe, funika kwa kifuniko cha bapa, na upalie makaa. Chini yawe machache, juu yawe mengi, maana moto wa chini huunguza upesi kuliko wa juu. Kazi hii ifanywe nje au penye madirisha wazi. Hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua watu, nayo haina harufu ya kuwaonya. Usifunue kabla ya dakika 20. Baada ya dakika 40 hivi, toa mkate, uupindue, uugonge chini kwa vidole: ukilia kama ngoma tupu, umeiva. Ukitoa sauti nzito, urudishe.

Usiukate ungali moto, ijapokuwa harufu itawashawishi wote nyumbani, kwa kuwa ndani bado unajikausha na kisu kitaufanya kuwa ugali. Na ikiwa wataka kuoka tena kesho, kabla ya kulifinyanga donge la leo chukua kipande cha ukubwa wa yai, ukiweke katika chombo kilichofunikwa mahali pa baridi. Kesho kiloweshe katika maji vuguvugu, ukitie katika unga mpya pamoja na nusu tu ya hamira. Kikiwa kimegeuka rangi au kuota ukungu, kitupe.