Rangi Katika Utando wa Buibui: Somo la Mwanga kwa Darasa la Sita

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya Darasa la Sita, tukimsikiliza mwanachuo akifundisha mwanga. Mtoto mmoja alinyoosha mkono akauliza kwa nini utando wa buibui uliokuwa dirishani ulionyesha wekundu na kijani, ilhali uzi wenyewe hauna rangi. Aliambiwa aketi, kwani swali lake halikuwamo katika somo. Andalio la somo lilikuwa safi. Zana, yaani mche wa kioo uliochorwa ubaoni, haikufika dirishani. Mchana wanafunzi wa zamu ya usafi wakaufagia utando. Twaandika makala haya kwa kuwa lile swali ndilo lililokuwa somo.

Yafaa mwalimu ajue kwanza jinsi uzi huo ulivyojengwa. Ni protini, yaani molekuli ndefu za asidi amino zilizoungana mfano wa shanga. Katika uzi imara ambao buibui huning'inia, sehemu zenye alanini nyingi hujipanga ubavu kwa ubavu na kuwa fuwele ndogo mno, zenye upana wa sehemu chache za milioni ya milimita. Kati ya fuwele hizo mna sehemu zenye glaisini nyingi, nazo zimelegea. Fuwele hutia nguvu; sehemu zilizolegea huuwezesha uzi kunyumbuka.

Watoto hawahitaji majina hayo. Laza nyuzi nne za katani pamoja, uzifunge kila baada ya sentimita 20, na kati ya mafundo uziache zimejikunja. Watoto wawili wavute, kila mmoja upande wake: mikunjo itanyooka kwanza, kisha mafundo yatazuia. Waambie wazi kwamba katika uzi halisi hakuna kamba inayofunga. Molekuli hushikana zenyewe kwa mivuto midogo midogo iliyo mingi.

Sasa tuje kwenye rangi. Unene wa uzi ni mikromita chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita, na wimbi la mwanga uonekanao lina urefu wa mikromita 0.4 hadi 0.7. Vipimo hivi vinakaribiana, na hapo ndipo penye siri. Mwanga unaopenya uzi huchelewa kidogo kuliko ule unaopita kando. Mawimbi hayo yanapokutana tena, mengine huongezeana nguvu na mengine hufutana. Kwa kuwa kila rangi ina urefu wake wa wimbi, pembe moja huleta nyekundu, na nyingine kijani.

Jambo hili mwalimu asilitangaze, watoto walithibitishe. Watoke nje jua likiwa chini na umande umekwisha kukauka, maana matone yana rangi zake, zipatikanazo kwa njia nyingine. Utando uwe upande wa jua, lakini jua lenyewe lizibwe na mti au pembe ya nyumba, wala asiwepo mtoto wa kulitazama. Kila mmoja akazie macho uzi mmoja, asogeze kichwa polepole. Rangi itabadilika. Hapo waulize: je, shati jekundu hugeuka kijani ukisogeza kichwa?

Mkibahatika kumpata yule buibui mkubwa afumaye utando wa manjano kama dhahabu, aonekanaye pia Afrika Mashariki, linganisheni. Manjano yake haigeuki, maana imo ndani ya uzi. Mwaka 2012 joho lililofumwa kwa nyuzi za buibui zaidi ya milioni moja wa Madagaska lilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Halikutiwa rangi yoyote.

Mpangilio wa molekuli nao huacha alama katika mwanga. Kwa kuwa minyororo mingi imelala kufuata urefu wa uzi, mwanga unaotikisika kwa kufuata urefu huo husafiri kwa mwendo tofauti na ule unaotikisika kwa kuukata. Kwa hadubini yenye vichujio viwili maalumu, kote huwa giza, uzi peke yake ukang'aa. Hili ni la mwalimu. Hatuoni sababu ya kulipeleka Darasa la Sita.

Siku moja kabla ya somo, mwambie kiranja wa zamu auache utando wa dirishani.