Wosia Wenye Masharti

Mzee wa Samuye aliyepata fedha kwa dhahabu ya Geita, au kwa pamba na ng'ombe, huhofu kwamba mwanawe akitimiza miaka 18 ataitapanya mali yote kwa mwezi mmoja. Hofu hiyo si ya bure. Dawa yake ni kumtaja mdhamini katika wosia, aitunze mali na kuitoa kwa masharti.

Lakini masharti gani? Wengi hupenda kuandika: “Apewe akiwa na tabia njema.” Nani ataipima tabia hiyo? Baba mdogo mwenye kinyongo? Sisi twaona sharti liwe jambo lenye ushahidi: ada ilipwe shuleni moja kwa moja, sehemu itolewe kijana amalizapo chuo, na iliyobaki atimizapo miaka 25. Fedha ya matibabu isingoje sharti lolote. Tena iandikwe nani atarithi, endapo mtoto atafariki kabla.

Kwa sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963, wosia ulioandikwa wa mtu asiyejua kusoma wahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Ajuaye kusoma, mmoja na mmoja. Wosia waweza kuhifadhiwa RITA. Atajwe pia mdhamini wa pili, maana wa kwanza naye hufa.